Chama cha Maharage

Mama Zaina amekufa akiwa bado anatuita chama. Binti yake, Zaina, ndiye aliyenipigia simu kunipa habari, na katikati ya kilio chake akasema, "Juzi tu alikuwa anauliza, chama yangu iko wapi, mbona haiji kunisalimia?" Nikacheka huku nalia, na sikujua kwamba mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja. Siku ya arobaini ilipofika nikajitanda mtandio mweupe, nikapanda hadi mtaa wa Mutanga Sud, kwenye ile nyumba yenye geti la kijani ambako niliwahi kuishi mwaka mmoja wa ujana wangu. Nimeishi nyumba nyingi tangu hapo, nyingine zangu mwenyewe kabisa, lakini nikiota nipo nyumbani, naota nipo pale.

Wenzangu walikuwa wametangulia. Consolate, ambaye siku hizi ni diwani mwenye gari na dereva, alikuwa uani amekunja mikono ya nguo anageuza pilau pamoja na kina mama wa mtaa, jasho linamtiririka. Nasri alikuwa barazani, ndevu zimeshaingia mvi, mfanyabiashara wa mabati na saruji anayejulikana mji mzima, na alikuwa anabishana na mwenye viti vya kukodi kuhusu haki za vijana wanaobeba hivyo viti. Aliponiona akaweka mkono kifuani kunisalimia, halafu akapaza sauti: "We Salma! Muhafidhina gani anachelewa namna hii?" Basi nikajua hakuna kilichobadilika. Nikaketi mkekani, nikasikiliza dua, na macho yangu yakaenda kwenye pembe ya uani, karibu na ukuta wa jirani, mbali na paa. Mbabula, lile jiko la mkaa, ilikuwa bado iko palepale. Nikasema amina kwa sauti kubwa kuliko ilivyotakiwa, mama mmoja akanigeukia.

Mwaka ule niliokaa pale, nchi ilikuwa inajifunza upya kuongea kwa sauti. Vyama vilikuwa vinachipuka kila wiki, redio hazizimwi, lakini watu walikuwa bado wanafunga dirisha kabla ya kutamka neno siasa. Mimi nilikuwa nimeingia chuo kikuu kusoma hiyo siasa yenyewe. Habari za kwetu, mtaa wa Jabe, sitazisimulia; inatosha kujua kwamba kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na duka la vitenge na mipango yake juu yangu, alikubali nisome kwa sharti moja tu: nikae kwa Mama Zaina, mjane wa Kiislamu anayeheshimika, jirani na chuo. Mama Zaina akinifukuza au akinilalamikia, narudi Jabe kusimama nyuma ya meza ya duka, na habari ya chuo imekwisha. Kaka hakuisema kwa ukali. Aliisema huku anapima kitambaa, na hilo lilinitisha zaidi.

Chumba nilikaa na Consolate, msichana wa mtaa wa Kinama aliyekuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara hata akiwa anakuomba chumvi. Kulikuwa na vitanda viwili, kabati lisilo na mlango ambalo tulilifunika kwa kitenge, na dirisha lililoangalia uani. Kupitia dirisha lile tulisikia kila kitu: redio ya Mama Zaina, ugomvi wake na kuku wake, na mazungumzo yake ya alasiri na jirani wa upande wa pili wa ukuta, mwanamke ambaye mwaka mzima sikuwahi kumwona uso, namjua kwa kikohozi tu. Nyumba ilikuwa na sheria, na jibu la Mama Zaina kwa kila swali kuhusu sheria lilikuwa moja: "Ndivyo ilivyo." Viatu vinabaki mlangoni. Kiti cha marehemu mume wake hakikaliwi. Mbabula haiondolewi pembeni mwa ukuta, hata kama unanyeshewa ukipika. Mgeni wa kiume anaishia barazani. Na kila magharibi, kabla ya kufunga geti, Mama Zaina alisimama katikati ya uani akaita majina: "Salma! Consolate!" Ulitakiwa kuitika, "Niko, Mama!" Ndipo komeo likasukumwa. Nilikuwa msichana wa chuo kikuu, naitwa jina kila jioni kama mtoto wa darasa la kwanza. Nililichukia komeo lile kwa moyo wangu wote.

Somo letu kubwa mwaka ule lilikuwa itikadi za siasa. Profesa alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye koti lililomzidi mabega, na siku ya kwanza aliingia darasani na mfuko wa kitambaa badala ya vitabu. Akapita kati ya madawati, kila mmoja akaingiza mkono na kutoa harage moja. Jekundu ni ukomunisti, la njano ni uliberali, jeupe ni uhafidhina. Akasema, "Harage lako ulitunze mpaka mtihani. Mwaka huu sitaki kujua we unaamini nini. Nataka ujue mwenzako anaamini nini, ukijue vizuri mpaka yeye mwenyewe akisikia ajisikie amesemewa." Na mtihani wake ulikuwa huo. Ukimaliza kuongea, mbele ya watu wote, angemtafuta mtu anayeiamini kweli itikadi ile, amuulize: amesema imani yako, au amesema upuuzi? Mtu yule akikataa, umeanguka, hata kama umekariri maktaba nzima.

Nasri alitoa jekundu. Darasa zima likaangua kicheko, maana ukoo wake ulikuwa na maduka tangu babu zao walipokuja kutoka Omani, na yeye mwenyewe alizaliwa juu ya magunia ya sukari. Akalitazama lile harage, akasema, "Baba yangu asilione hili." Consolate, aliyekuwa akitembea kutoka Kinama mpaka mjini kila siku akiwa sekondari, na aliyekuwa na hasira halali kuhusu nani anapanda basi na nani anatembea, yeye akapata la njano, akatakiwa kutetea soko huria na uhuru wa mtu binafsi. Mimi nikatoa jeupe. Mimi niliyetoroka duka la kaka! Mimi niliyechoka na "ndivyo ilivyo" tangu nipate akili, natakiwa kusimama mbele ya watu niseme mambo ya zamani yana maana! Nilimwomba Profesa anibadilishie. Akanitazama kwa furaha halisi, akasema, "Bon, mfuko umekujua."

Basi tukawa tunakula pamoja barazani, sisi watatu, kwa sababu Nasri alipenda ugali wa muhogo na ndagala za Consolate, dagaa wa ziwani, kuliko pilau ya kwao. Kulikuwa na meza ndogo yenye mguu mmoja mfupi, na kila mlo ulikuwa bunge. Consolate akipakua, Nasri anauliza nani alitoa jasho na nani anapata kichwa cha samaki wa mukeke. Consolate anamjibu kwamba aliyepika ana haki ya kuuza sahani kwa bei anayotaka, na asiyetaka akapike kwake. "Huo ni unyonyaji!" anapiga kelele Nasri, mdomo umejaa mboga za lengalenga. "Huo ni uhuru, bwana, kila mutu na uhuru wake!" anajibu Consolate, na kijiko kinapiga meza. Wakati wa taarifa ya habari tulikuwa na mchezo wetu: mwanasiasa akianza hotuba kwenye redio, tunashika kila mmoja harage lake, na akisema jambo la rangi yako unaliweka mezani. Jioni moja mheshimiwa fulani aliahidi shule bure kwa wote, uhuru kamili wa biashara, na kurudi kwenye maadili ya mababu, yote katika pumzi moja, tukaweka maharage yote matatu mezani kwa pamoja tukacheka mpaka Nasri akaanguka na kiti. Lakini kumbe tulikuwa tunajifunza. Mpaka leo siwezi kusikiliza hotuba bila kutafuta harage ndani yake, na nawaambia wanafunzi wangu kwamba kelele za siasa zinapungua nusu ukishajua mtu anakula kutoka chungu gani, hata akiwa mwenyewe hajui.

Mimi peke yangu nilikuwa nanyamaza. Nilikula, nikacheka, nikaweka harage langu mezani likitakiwa, lakini ikifika zamu yangu ya kujitetea sina neno. Nilikuwa nimesoma kila kitabu cha uhafidhina kilichokuwa maktaba, na kila nilipofungua mdomo nilisikia sauti ya kaka anapima kitambaa. Nasri alinionea huruma. "Sema hata uongo kidogo, basi." Sikuweza. Mara moja tu nilipata kuhisi kitu, na ilikuwa kwa njia ya moshi. Mama Zaina alikuwa amekwenda Kigoma kwenye harusi, na Consolate akaamua kwa jina la uhuru kwamba mbabula ihamie chini ya paa, Nasri akaunga mkono kwa jina la wapishi wote wanaonyeshewa. Tukaihamisha. Asubuhi ile ilikuwa raha tupu. Mchana ukavuma upepo wa ziwa, ukasukuma moshi wote ndani ya nyumba, ukajaa vyumba, ukaingia kwenye mapazia, na Mama Zaina aliporudi siku moja kabla ya tulivyotarajia alitukuta tumekaa barabarani wote watatu, macho mekundu. Hakugomba. Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku lake la safari. Nikamuuliza, "Mama, ulijua?" Akafuta machozi, akasema, "Mi? Apana. Mi niliikuta pale." Nikalala nalo jibu lile, sijui nilifanyie nini.

Mtihani ulikuwa unakaribia, wiki moja hivi, nilipoyasikia maneno dirishani. Ilikuwa alasiri, Consolate amelala, mimi nasoma. Mama Zaina alikuwa ukutani na jirani wa kikohozi, na safari hii hawakuwa wanasema habari za kuku.

"Ni chama," alisema Mama Zaina. "Wanafanya chama ndani ya nyumba yangu. Nimesikia kwa masikio yangu. Mali ya wote, uhuru, mapinduzi."

"Eh! Na kadi iko?"

"Kadi ni haragi. Kila mutu na haragi yake. Wakisikiliza redio wanaitoa wanaweka kwa meza."

Jirani alikohoa kwa muda. Halafu akauliza swali ambalo kila mtu wa mji huu angeuliza. "Mukubwa wao ni nani? Ule mutoto wa Muarabu?"

"Apana. Ule anapiga kelele tu. Na Consolate ni vilevile. Mukubwa ni Salma."

"Salma gani? Ule mupole?"

"Ndiyo huyo. Wenzake wanabishana, yeye kimya. Wanamwangalia, yeye kimya. Umeshaona mukubwa wa chama akipiga kelele? Anayenyamaza ndiye mwenye chama."

Ningeweza kucheka. Sasa hivi nacheka. Lakini wakati ule sikucheka, kwa sababu hofu ya Mama Zaina haikuwa ya kijinga. Mwanamke yule aliwahi kuona mambo yakianza hivyohivyo, vijana wachache barazani, maneno makubwa, halafu magari ya askari. Akamaliza kwa kusema kwamba Jumapili tutoke wote, na kwamba kabla ya hapo atamwita shefu, kiongozi wa mtaa, aje kushuhudia, ili baadaye asije akaambiwa alikuwa anajua. Na kaka yangu pia ataarifiwa. Nikamwamsha Consolate. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Consolate aliongea kwa sauti ndogo. "Profesa aje amweleze." Lakini Profesa alikuwa amekwenda Gitega kusimamia mitihani huko, harudi mpaka siku ya mtihani wetu. Nilikaa kitandani nikalishika lile harage, nikaliona duka, meza ya duka, mkasi wa kaka. Nililia bila aibu.

Shefu alikuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri. Aliitwa Anselme, mzee mnene mwenye kofia ya kahawia, na alionekana kama mtu ambaye angependa kuwa kwake anakunywa kitu baridi. Mama Zaina alimkalisha sebuleni, akaweka chai ya tangawizi na sambusa, maana hata mashtaka hayafanywi kwa mgeni mwenye njaa. Nasri naye siku ile aliruhusiwa kuingia ndani, kama mshtakiwa. Tukapangwa kwenye kochi. Kiti cha marehemu kikabaki kitupu, kinatutazama.

"Bon," alisema shefu. "Haragi ziko wapi?"

Tukayatoa, tukayaweka mezani kando ya sambusa. Akayageuza moja moja kwa kidole. Nasri akajaribu kueleza, kwamba ni somo, ni zoezi, na kwa woga wake akajikuta anaeleza thamani ya jasho la mfanyakazi, sauti ikapanda, mpaka Mama Zaina akasema, "Voilà! Si unasikia?" Consolate akasimama kumtetea, akaishia kutamka uhuru mara nyingi kiasi kwamba shefu aliinua mkono. "Tosha. Mama anasema mukubwa ni huyu." Akanigeukia. "We binti. Sema."

Nikamtazama Mama Zaina. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mtandio ameushika kwa mikono miwili, na nikaona kitu ambacho sikukiona mwaka mzima kwa sababu ya kulichukia lile komeo. Alikuwa anatuogopea. Si kwamba anatuogopa sisi, anatuogopea. Na maneno yakaja, sijui kutoka wapi, sikuyaandaa.

"Mama," nikasema, "harage langu ni hili jeupe. Huyu Consolate, harage lake linauliza, mutu anataka nini? Nasri lake linauliza, nani ananyimwa? Yote ni maswali mazuri. Langu linauliza, hiki kitu kiliwekwa hapa kuzuia nini? Wenye harage hili wanasema, usibomoe mpaka umejua. Mbabula yako hukujua kwa nini iko pale, lakini hukuigusa. Kuna mutu kabla yako aliyelia na moshi, akaiweka pale, akaondoka bila kukuambia sababu, na wewe ukamwamini. Sisi hatukumwamini, ndiyo maana tulikaa barabarani."

Shefu alitabasamu kidogo. Mimi sikuweza tena kujizuia.

"Na geti. Mwaka mzima nimesema, huyu mama anatuita majina kama watoto. Nilidhani unatuchunga. Lakini wewe umeona jioni ambazo watu waliitwa hawakuitika. Hufungi geti kwa sababu ndivyo ilivyo. Unataka kusikia kila mutu akisema niko, kabla giza halijaingia. Mi sijawahi kuona kitabu kilichosema hilo vizuri kuliko wewe unavyolisema kila siku kwa majina mawili. Watu wanaopenda mambo ya zamani, si wote wanapenda vumbi. Wengine walipoteza kitu kikubwa, na wanajua kilivyo kigumu kujengwa upya. Nchi hii tumebomoa mara nyingi, Mama. Mi nilifikiri harage hili ni la watu waoga. Ni la watu wanaotuhesabu."

Jirani wa ng'ambo ya ukuta akakohoa. Mama Zaina alikuwa analia waziwazi, kamasi na yote, hajifichi. Akasema, "Nani amekupa maneno yangu?"

"Wewe, Mama."

"Mi sijawahi kuyasema."

"Umeyasema kila magharibi."

Akageuka kwa shefu, akamwambia kwa sauti nzito kabisa, kama mtu anayetoa ushahidi, "Huyu mutoto hafanyi chama. Au kama ni chama, mi niko ndani." Halafu akachukua lile harage jeupe, akaliweka kwenye kiganja, akalifunga.

Hapo ningependa kusema kwamba tuliondoka, lakini hakuna aliyeondoka. Shefu Anselme aliomba chai nyingine, akavua kofia, akasema kwa utaratibu kwamba yeye kwa maoni yake Nasri alikuwa amesema kweli kabisa kuhusu jasho, isipokuwa alikuwa ameisema vibaya, na akaanza kuisema yeye. Mama Zaina akamrukia. Alimuuliza kama mali ni ya wote, kuku zake nazo ni za nani? Shefu akasema kuku ni jambo la kujadiliwa. "Lijadiliwe wapi? Kwa tumbo lako?" Consolate akapata nafasi, akamwambia Mama Zaina kwamba basi hapo anatetea uhuru wa mwenye mali, kwa hiyo amehamia harage la njano, na Mama Zaina akasema hahami popote, kila haragi ina haki ya kuwa na kuku. Jirani akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta akiuliza kinachoendelea, na Nasri akamweleza kupitia dirishani, na yeye pia akachagua upande. Sambusa zikaisha. Magharibi ikafika, Mama Zaina akatoka uani, akasimama mahali pake, akaita: "Salma! Consolate!" Tukaitika. Akasita. Akaita, "Nasri!" Nasri, ambaye mwaka mzima alikuwa hana jina katika ua ule, akajibu "Niko, Mama!" kwa sauti iliyopasuka. "Shefu!" Na shefu wa mtaa, na kofia yake mkononi, akasema, "Niko." Sijawahi kusikia mtu mzima akiitika kwa furaha kama ile.

Mtihani nilifanya kwenye ukumbi mkubwa wa chuo, na Mama Zaina alikuja. Alivaa kitenge chake cha sherehe, akaketi mstari wa mbele kabisa, mkoba juu ya magoti, akawa anamwitikia kwa kichwa kila mwanafunzi aliyeongea kabla yangu, kama mjumbe wa jopo. Nilisema niliyosema sebuleni, kwa mpangilio bora zaidi na vitabu nikavitaja. Nilipomaliza, Profesa akasimama, akauliza ukumbini, kama alivyoahidi, "Nani hapa anaamini haya kweli, moyoni?" Watu wakaangaliana. Mama Zaina akainua mkono, kisha akaona haitoshi, akasimama. "Mi."

"Amesema imani yako, Mama?"

"Amesema vizuri kuliko mi mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Lakini kitanda hatandiki."

Ukumbi ukalipuka. Profesa alikaa chini na kuficha uso ndani ya koti lake kubwa, mabega yanatikisika. Nilifaulu, Consolate alifaulu, Nasri naye alifaulu baada ya mpiga chapa mmoja mkomunisti wa kweli, aliyeletwa kutoka mjini, kumshika mkono na kumwambia karibu nyumbani. Baba yake Nasri alilisikia hilo na hakumsemesha kwa muda, lakini hata yeye alikuja kulainika. Kaka yangu alifika siku ile bila kuniambia, akasimama nyuma ya ukumbi, na baadaye akanishonea gauni la kazi kwa mkono wake mwenyewe. Hakusema neno juu ya duka tena. Nilifurahi mwaka ule kuliko mwaka mwingine wowote, na nilijua nimefurahi wakati ule ule, jambo ambalo ni nadra.

Siku hizi mimi ndiye ninayeingia darasani na mfuko wa maharage. Wanafunzi wangu wana simu, na kila simu imejaa watu wanaokubaliana nao, na wanapotoa harage wasilolitaka wananitazama kama nimewatukana. Nawaambia mfuko umewajua. Sijui kama somo langu linabadilisha nchi. Nimeona uchaguzi mwingi, nimeona marafiki wakigombana kwa sababu ya bendera, na kuna jioni nimerudi nyumbani nimekata tamaa kabisa. Lakini hutokea, kila mwaka hutokea, mtu asimame mwishoni mwa ukumbi na kusema, "Ndiyo, amenisemea." Na mimi, mama mtu mzima, nalia mbele ya wanafunzi, bila aibu.

Arobaini ilimalizika alasiri, wageni wakapungua, Consolate akakaa mkekani akanyoosha miguu. Zaina akatoka ndani na bakuli la bati. "Hili alikuwa ameliweka kabatini kwake," akasema. "Wapangaji wote waliokuja baada yenu, kabla ya kupewa ufunguo walitakiwa kuingiza mkono. Na yeye mwenyewe alikuwa anatoa lake. Mwaka wa mwisho alipata jekundu. Mungu wangu! Alikuwa anagawa maembe ya mti huu wa uani mtaa mzima, na akanikataza kufunga stoo." Tukacheka mpaka Nasri akashikilia nguzo ya baraza. Kisha Zaina akasogeza bakuli katikati yetu, akasubiri.

Tukaingiza mikono. Consolate akapata jekundu, akaapa kwamba hilo lilikuwa lake tangu mwanzo, hatimaye Mungu amesahihisha. Nasri akapata jeupe, akaanza hapohapo kutetea mbabula ile, sauti juu, kidole hewani. Mimi nikapata la njano, na sikumwacha hata amalize sentensi. Tulikuwa tumesimama wote watatu, tunaongea kwa wakati mmoja, jua linazama, geti likagongwa. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limechomekwa, kitambulisho shingoni: shefu mpya wa mtaa, hatumjui, naye hatujui. Akatutazama mmoja mmoja, akayatazama maharage, akauliza kwa adabu na wasiwasi, "Samahani, wazee wangu. Hapa kuna mkutano gani?"

Consolate akanyamaza. Nasri akanyamaza. Wakanitazama mimi, kama zamani.

"Ni chama cha Mama Zaina," nikasema. "Ingia haraka, mwanangu, tunafunga geti. Unaitwa nani?"